Manjano Yasiyoisha na Choo Kilichopauka: Utafiti Unasema Nini Kuhusu Ini la Mtoto Mchanga

Watoto wachanga hupata manjano ya aina mbili, na kwa kumtazama mtoto machoni huwezi kujua ana yapi. Ya kwanza ni ya kawaida sana: zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa miezi ikiwa imetimia huwa na macho au ngozi ya njano katika wiki ya kwanza, na wengi wao huwa wamepona kabla ya wiki mbili kwisha. Ya pili ni nadra, na nyuma yake mara nyingi kuna ini au mirija ya nyongo yenye hitilafu. Mama anapoambiwa "yatapita yenyewe", mara nyingi anaambiwa kweli. Lakini kwa mtoto mwenye aina ya pili, maneno hayohayo yanaweza kumgharimu ini lake.

Ili kuona tofauti, tuifuate rangi yenyewe. Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjwa, na katika mabaki yake hutoka kitu cha njano kiitwacho bilirubini. Ikiwa bado mbichi, bilirubini haiyeyuki katika maji, hivyo hubebwa na protini kwenye damu mpaka ifike kwenye ini. Ini huiunganisha na kemikali nyingine ili iweze kuyeyuka, kisha huimwaga pamoja na nyongo. Nyongo hupita kwenye vijirija vidogo sana ndani ya ini, vijirija hivyo hukutana na kuwa mrija mkubwa unaotoka nje, na huo ndio unaoifikisha kwenye utumbo. Huko nyongo husaidia kusaga mafuta ya maziwa, na bilirubini iliyokuja nayo hukipa choo rangi yake.

Manjano ya kawaida hutokea mwanzoni mwa safari hii. Ini la mtoto aliyezaliwa juzi halijazoea kazi ya kuunganisha, kwa hiyo bilirubini mbichi hurundikana. Hata hayo yasidharauliwe, kwani yakipanda mno bilirubini hupenya hadi kwenye ubongo na kuuharibu, na ndiyo sababu wodi za watoto zina taa za buluu. Aina ya pili hutokea mwishoni mwa safari. Ini limeunganisha bilirubini vizuri, ila njia ya kutokea imefungwa au ini linashindwa kuisukuma. Bilirubini iliyounganishwa, ambayo kwenye fomu za maabara huitwa dairekti, inarudi kwenye damu. Kwa kuwa inayeyuka katika maji, figo huitoa kwenye mkojo, na mkojo wa mtoto mchanga ambao kwa kawaida hauna rangi unakuwa wa njano iliyokolea unaoacha doa kwenye nepi. Choo nacho, kwa kukosa rangi yake, kinapauka.

Magonjwa yanayoleta hali hiyo ni mengi, lakini moja ndilo linalowaumiza vichwa madaktari wa ini la watoto duniani kote: atresia ya mirija ya nyongo. Mirija iliyo nje ya ini inavimba, inajaa makovu na kuziba kabisa katika wiki za mwanzo za maisha. Nyongo inayokosa pa kwenda inaanza kuliunguza ini lililoitengeneza. Pasipo matibabu, watoto wengi hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini humpata mtoto 1 kati ya takriban 15,000 hadi 20,000. Taiwan idadi ni kubwa zaidi ya hiyo, na Polynesia ya Ufaransa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ndiyo inayotajwa kuongoza, karibu mtoto 1 kwa kila 3,000. Ni ugonjwa adimu, lakini ndio unaowafikisha watoto wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote kwenye chumba cha kupandikizwa ini.

Kinachoufanya uwe wa hatari ni kwamba mtoto haonekani mgonjwa. Ananyonya, anacheka, anaongezeka uzito kliniki, na hana homa. Wazazi na hata wahudumu wa afya hawaoni sababu ya haraka. Halafu kuna maelezo matatu yanayokuja upesi mno. La kwanza ni kwamba ni manjano ya maziwa ya mama, jambo ambalo kweli lipo na linaweza kudumu kwa wiki kadhaa bila madhara, lakini halipaushi choo kamwe. La pili ni kwamba ni mchango, na mtoto akaanza kunyweshwa dawa za mizizi. La tatu, linalosemwa kwa nia njema kabisa, ni kwamba aanikwe jua la asubuhi. Mwanga hufanya kazi kwa bilirubini ile mbichi tu, kwa kuibadilisha umbo ili itoke mwilini kirahisi. Bilirubini iliyokwisha kuunganishwa tatizo lake ni mrija, na jua halizibui mrija.

Hadi katikati ya karne iliyopita, wengi wa watoto hawa walihesabiwa kuwa hawana tiba. Daktari mpasuaji akifungua tumbo na kukuta hakuna mrija wa kuunganisha na utumbo, alifunga tena. Mwaka 1955, mjini Sendai nchini Japani, Morio Kasai wa Chuo Kikuu cha Tohoku alifanya jambo ambalo wenzake hawakulitarajia. Aliondoa mabaki ya mirija iliyojaa makovu mpaka kwenye lango la ini, pale mirija inapotokea, kisha akaushonea utumbo moja kwa moja mahali hapo. Nyongo ikaanza kupita. Alichapisha habari hiyo kwa Kijapani mwaka 1959, na ilichukua miaka hadi ulimwengu unaosoma Kiingereza uisome mwaka 1968 na kuanza kuiamini.

Upande mwingine wa dunia, daktari mpasuaji Thomas Starzl alikuwa akijaribu njia nyingine. Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver nchini Marekani, alifanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu mwenye ugonjwa huuhuu, na alifariki siku hiyohiyo kwa kutokwa na damu. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla upandikizaji haujawa tiba ya kutegemewa. Baadaye, mwaka 1989, madaktari wa Brisbane nchini Australia na wa Chicago walionyesha kwamba mzazi aliye hai anaweza kutoa kipande cha ini lake na mtoto akapona, bila kusubiri mtu afariki. Familia za Afrika Mashariki zinazosafiri kwenda India kwa ajili ya ini la mtoto hutegemea njia hiyo.

Upasuaji wa Kasai, kama unavyoitwa hadi leo, ndio hatua ya kwanza kila mahali. Lakini lazima tuseme wazi unachofanya na usichofanya. Unafungua njia ya nyongo; hauondoi ugonjwa ndani ya ini. Katika vituo vyenye uzoefu, kati ya nusu na theluthi mbili ya watoto manjano yao huisha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha jinsi miezi mitatu ya kwanza inavyotabiri yanayofuata: watoto ambao bilirubini yao ilishuka chini ya miligramu 2 kwa desilita ndani ya muda huo, asilimia 86 walifika umri wa miaka miwili wakiwa na ini lao wenyewe. Ambao haikushuka, ni asilimia 20 tu. Hata waliofanikiwa, wengi watahitaji ini jipya kabla au baada ya kuwa watu wazima. Tofauti ni kwamba mtoto wa miaka kumi anapandikizwa kwa usalama zaidi kuliko wa miezi minane aliyekonda na tumbo limejaa maji, na familia imepata muda wa kujipanga.

Jambo linalojirudia katika takwimu za nchi mbalimbali ni umri siku ya upasuaji. Kadiri mtoto anavyofanyiwa mapema ndivyo ini linavyokuwa na makovu machache. Siku 60 zimekuwa alama inayotumiwa na wengi, ingawa si ukuta: siku ya 61 mlango haufungwi, na siku ya 30 ni bora kuliko ya 59. Kitu kingine chenye uzito ni mikono ya anayepasua. Uingereza na Wales mwaka 1999 waliamua kwamba watoto wote wenye ugonjwa huu wapelekwe vituo vitatu tu, London, Birmingham na Leeds, na matokeo ya nchi nzima yakawa bora. Kwa ugonjwa adimu kama huu, kuutawanya katika kila hospitali ni kuhakikisha hakuna mpasuaji anayeuzoea.

Basi swali likawa: tunawapataje mapema?

Jibu la kwanza kubwa lilitoka Taiwan, na kwangu mimi ni mojawapo ya tafiti nzuri kuliko zote katika tiba ya watoto, kwa sababu chombo chake kilikuwa kipande cha karatasi. Walichapisha kadi yenye picha za rangi za choo cha mtoto, zile za kawaida upande mmoja na zilizopauka upande mwingine, wakaiweka kwenye kijitabu cha afya cha mtoto. Mama alilinganisha choo na picha, na akiona rangi iliyopauka alipiga simu au kwenda hospitali. Majaribio yalianza mwaka 2002, na mwaka 2004 kadi ikaenea nchi nzima. Watafiti walipolinganisha watoto waliozaliwa kabla ya kadi na waliozaliwa baada yake, waliofanyiwa upasuaji kabla ya siku 60 walikuwa wamepanda kutoka asilimia 49 hadi 66. Waliofika miaka mitano wakiwa na ini lao na bila manjano walitoka asilimia 27 hadi 64. Waliokuwa hai katika umri huo, kwa ini lao au la kupandikizwa, walitoka asilimia 56 hadi 89. Huduma nyingine nazo zilikuwa zikiboreka katika miaka hiyo, kwa hiyo si haki kuipa kadi sifa zote. Lakini watoto waliwahi, na waliwahi kwa sababu mama zao walijua cha kutazama. Japani, ambako wazo la kadi lilianza kujaribiwa miaka ya 1990, iliiingiza kwenye kijitabu cha mama na mtoto cha nchi nzima mwaka 2012.

Kadi ina udhaifu wake. Baadhi ya watoto wenye ugonjwa huu huendelea kupata choo chenye rangi katika siku za mwanzo, kabla mirija haijaziba kabisa, na choo kilichopauka kidogo tu kinaweza kumchanganya hata daktari. Hapo ndipo unapoingia utafiti wa Texas. Sanjiv Harpavat na wenzake walikuwa wameona jambo la kushangaza walipofukua majibu ya zamani ya maabara: watoto waliokuja kugunduliwa wakiwa na atresia tayari walikuwa na bilirubini dairekti iliyozidi siku moja au mbili baada ya kuzaliwa. Hakuna aliyekuwa ameitilia maanani. Wakaamua kuitafuta kwa makusudi. Katika hospitali 14, kuanzia Januari 2015 hadi Juni 2018, walipima watoto 124,385. Yeyote aliyekuwa na kiwango cha juu alipimwa tena karibu na wiki ya pili. Mwishoni walibaki watoto 119 wenye majibu ya kutilia shaka mara zote mbili, na 7 kati yao walikuwa na ugonjwa. Hakuna aliyejulikana kuponyoka. Umri wa wastani wa upasuaji katika eneo hilo ulishuka kutoka siku 56 hadi siku 36. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020.

Ugunduzi huo una uzito wa aina nyingine pia. Ikiwa bilirubini iko juu siku ya kwanza, basi ugonjwa haukuanza baada ya kuzaliwa. Ulianza tumboni.

Ni nini kinachouanzisha? Hapa watafiti wana vipande vya ushahidi ambavyo havijaunganika kuwa jibu moja. Pacha wanaofanana kabisa kwa jeni mara nyingi huwa mmoja mgonjwa na mwenziwe mzima, kwa hiyo kurithi peke yake hakutoshi kueleza. Panya wachanga wakiambukizwa aina fulani ya virusi vya rota vya nyani, mirija yao huziba, na hiyo imewafanya wengi waamini kwamba virusi huwasha moto na kinga ya mwili ndiyo inayouendeleza. Lakini kisa kinachonivutia kuliko vyote kinatoka kwa kondoo.

Karibu na bwawa la Burrinjuck, New South Wales, Australia, ukame wa mwaka 1964, kisha 1988, kisha 2007 ulipunguza maji na kuacha ardhi wazi. Juu yake yaliota magugu ya jamii ya Dysphania, na kondoo wenye mimba wakayala. Kondoo wenyewe hawakuugua. Wanakondoo wao walizaliwa na manjano na mirija iliyoziba, kisha wakafa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza kwamba wamekitenga kitu chenye sumu ndani ya magugu hayo, kwa kukijaribu kwenye viluwiluwi vya samaki wadogo ambao miili yao inapitisha mwanga, hivyo mirija ya nyongo huonekana ikiharibika mbele ya darubini. Wakakiita biliatresoni. Binadamu hatuli magugu hayo, na hakuna anayedai kwamba ndiyo yanayowadhuru watoto wetu. Kisa hiki kinathibitisha tu kwamba inawezekana kitu kikapita kwa mama bila kumgusa, kikaenda kudhuru mirija ya kijusi peke yake. Na hapa niseme jambo ambalo mama wengi wanahitaji kulisikia: hakuna ushahidi kwamba chakula, kazi, huzuni au dawa ya kawaida aliyotumia mama wakati wa ujauzito ndiyo inayoleta atresia. Mama hana kosa.

Imani kwamba kinga ya mwili inachochea uharibifu iliwafanya madaktari wengi wawape watoto dawa za steroidi, zinazoituliza kinga hiyo, baada ya upasuaji. Ilionekana ni busara. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2014, lenye watoto 140, nusu wakipewa steroidi na nusu dawa isiyo na kitu, lilionyesha kuwa faida haikuweza kuthibitishwa: kufikia miaka miwili karibu asilimia 59 ya kila kundi walikuwa na ini lao, huku waliopewa steroidi wakipata madhara makubwa mapema zaidi. Baadhi ya vituo, hasa vya Asia, bado vinazitumia na mjadala haujafungwa. Tangu mwaka 2020, kazi iliyoongozwa kutoka Guangzhou, China, imeelekeza macho kwenye chembe za kinga za aina ya B kama mahali pengine pa kulenga dawa.

Hatua iliyo karibu zaidi kutufaa ni kipimo. Kuthibitisha atresia leo ni safari: altrasaundi mtoto akiwa hajanyonya kwa saa kadhaa, mara nyingi kuchomwa sindano ya kutoa kinyama cha ini, na mwisho kupigwa picha ya mirija kwa rangi maalumu akiwa tayari mezani. Kila kituo cha safari hiyo kinakula siku. Mwaka 2017 watafiti wa Cincinnati walionyesha kwamba protini moja katika damu, MMP-7, hupanda sana kwa watoto wenye atresia kuliko kwa wenye manjano ya sababu nyingine. Tafiti za China na kwingineko zimeliunga mkono jambo hilo, usahihi ukizidi asilimia 90 katika nyingi kati ya hizo. Kinachosumbua ni kwamba maabara hutumia njia tofauti na viwango havilingani, kwa hiyo bado hakuna namba moja inayokubalika kila mahali.

Kwetu, sioni sababu ya kusubiri MMP-7. Kenya, Tanzania na Uganda tayari zina siku moja ambayo karibu kila mama humleta mtoto kliniki akiwa na macho na nepi yake: wiki ya sita, chanjo ya kwanza ya penta. Wiki sita ni siku 42. Nesi anayempima uzito akimfungua mtoto macho penye mwanga wa mchana, hasa kwa watoto wetu ambao ngozi huficha umanjano, kisha akauliza choo kina rangi gani na mkojo unaacha doa gani, atakuwa amefanya uchunguzi mzima kwa dakika moja. Picha za rangi za choo zingechapishwa kwenye kadi ya kliniki, mama angekuja na jibu tayari. Njano iliyokolea, haradali, kijani na kahawia ni salama. Cheupe, cha kijivu kama majivu, au cha rangi ya krimu ni dharura, hata kikitokea mara chache.

Kuna sababu nyingine ya haraka. Bila nyongo utumbo haunyonyi vitamini A, D, E na K, na upungufu wa vitamini K huzuia damu kuganda. Wako watoto ambao dalili yao ya kwanza kuonekana ilikuwa kitovu kisichoacha kutoka damu, au kuvuja damu kwenye ubongo. Sindano ya vitamini K siku ya kuzaliwa husaidia, lakini kwa mtoto mwenye ugonjwa huu haitoshi kwa muda mrefu.

Mwongozo wa vyama vya madaktari wa tumbo na ini la watoto wa Amerika ya Kaskazini na Ulaya, uliotolewa mwaka 2017, unataka mtoto yeyote mwenye manjano baada ya wiki mbili apimwe bilirubini ya jumla na dairekti. Anayenyonya maziwa ya mama, mwenye afya, choo chenye rangi na mkojo mweupe, anaweza kusubiri hadi wiki ya tatu. Dairekti ikizidi miligramu 1 kwa desilita, sawa na mikromoli 17 kwa lita, hiyo si ya kawaida na lazima itafutiwe sababu. Ukipewa jibu la jumla peke yake, omba na la dairekti, kwa sababu la jumla halitofautishi aina zile mbili. Na likija juu, mtoto aende hospitali ya rufaa yenye mpasuaji wa watoto wiki hiyohiyo. Asiambiwe arudi siku ya penta ya pili. Hiyo ni wiki ya 10, siku ya 70.